Neno la Kuchekesha Limemchoma Mwenzetu, Tufanyeje?

Bi Mkubwa, shikamoo.

Sisi ni wanawake saba wa Ngamiani hapa Tanga. Jumapili baada ya swala ya alasiri tunakaa upenuni kwa mmoja wetu, na birika la kahawa na kashata, tukipeana maneno. Hatuna upatu wala kikoba. Kilichotukusanya ni kupenda neno lenye akili na lenye kuchekesha. Mmoja huleta jina la kanga aliloliona dukani, mwingine maandishi ya nyuma ya basi, mwingine kauli ya mtu mashuhuri aliyoiokota kwenye simu, mwingine methali aliyoipindua. Kuna mwalimu, nesi, fundi cherehani, muuza samaki, na tukianza kucheka tunacheka mpaka machozi.

Sasa baraza linatuharibikia. Juzi somo yangu alileta "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Tukacheka sote isipokuwa mwenzetu mmoja, ambaye mumewe ameongeza mke hivi karibuni. Aliweka kikombe chini, akaaga, na tangu hapo haji. Somo yangu anaapa kwamba hakumkusudia, na mimi namwamini. Tulimwandikia kwenye simu kwamba amelielewa vibaya, hakujibu. Baadhi yetu wanataka tununue doti ya kanga yenye jina la kuomba radhi tumpelekee.

Mengine ni madogo ila yanatuchosha. Maneno yamechuja: mtu akifungua mdomo tu, wenzake wanamalizia. Na hakuna Jumapili isiyo na mabishano ya nani alisema nini. Mwalimu wetu anasema mengi tunayompa Nyerere si yake, na ya Shaaban Robert vilevile, lakini hana namna ya kututhibitishia. Tulikuwa tumefikiria kuyakusanya tuchape kijitabu. Je, tuendelee, au tuvunje baraza?

Mpenda maneno, Ngamiani


Marahaba, mwanangu. Baraza msilivunje. Nianze na aliyeondoka, kwa kuwa mengine yote yanaweza kungoja.

Kanga msimpelekee. Jina la kanga, hata liwe la upole namna gani, ni fumbo, na mtu aliyechomwa na fumbo hatulizwi kwa fumbo la pili. Ataigeuzageuza doti hiyo akitafuta kilichofichwa ndani yake. Tena ikitoka kwa watu sita itamwambia kwamba mambo ya nyumba yake yamejadiliwa na watu sita. Ule ujumbe wa simu nao umeongeza jeraha, kwa sababu "umelielewa vibaya" ni kumrudishia kosa aliyeumia.

Aende somo yako peke yake, kwa miguu yake, saa ambayo mwenzenu hana wageni na si wakati wa kupika. Aseme maneno machache yasiyo na mapambo: "Neno nililolisema Jumapili lilikuumiza. Sikukukusudia, ila ilinipasa nikumbuke hali yako kabla sijafungua mdomo. Niwie radhi." Kisha anyamaze. Asieleze neno alilitoa wapi, asiseme ulikuwa utani tu, asimwombe arudi barazani siku hiyo hiyo. Mwenzenu akinyamaza naye, anyamaze. Akilia, akae naye. Akisema maneno makali, ayapokee bila kujitetea, maana utetezi hata ukiwa wa kweli utageuza radhi kuwa kesi.

Jumapili inayofuata, yule anayekaa naye karibu ampitie kama alivyokuwa akimpitia siku zote. Asipokuja, apitiwe tena wiki ya pili. Baada ya hapo mwacheni aje kwa wakati wake. Siku atakayorudi, jambo lile lisitajwe na mtu, wala pasiwe na hotuba ya kumkaribisha. Na siku hiyo leteni maneno ya safari, ya chakula, ya watoto wa shule. Mkianza na maneno ya ndoa mtamrudisha kwenye kidonda, na mtu akikatishwa katikati kwa sababu neno lake ni la ndoa, ule ukimya utamnyooshea kidole kuliko neno lenyewe.

Sasa chanzo chake. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" ni jina la kanga la siku nyingi na halina tusi ndani yake. Lakini litazame lilivyo: halitaji mtu, halitaji mahali, halitaji wakati. Neno lisilo na mwenyewe hutafuta mwenyewe humo humo barazani. Kila aliyekaa hulivaa kimoyomoyo, na litamkaa yule ambaye wiki hiyo linamwenea. Mwenzenu hakulielewa vibaya hata kidogo. Alilisoma kama mwanamke wa pwani alivyofunzwa kusoma jina la kanga: nani kalivaa, kapita mbele ya mlango wa nani, siku gani. Kanga hiyo hiyo ikifungwa jikoni ni nguo. Ikivaliwa kwenda arusini kwa mke mwenza ni barua. Kwenye taarabu watu wanajua mpasho unaelekezwa kwa nani kwa kumwangalia anayeinuka kwenda kutuza, na anamtazama nani akiwa anatuza. Huo ni ujuzi wetu wa siku zote, na hauzimwi kwa sababu tumekaa kunywa kahawa.

Kwa hiyo dawa ya baraza lenu ni moja, na itawatibu pia ule uchovu na yale mabishano: mleta neno alete na kisa chake. Kila neno liingie na mambo manne. Nani alilisema, alimwambia nani, ilikuwa wapi na lini, na wewe umelipata wapi. Likikosa moja bado linaweza kuingia. Likikosa yote manne lisubiri nje mpaka lipate walau mawili.

Tuseme somo yako angelileta hivi: "Jana karibu na soko la Mgandini kijana kauziwa simu ya bei ya chee. Kufungua boksi akakuta kipande cha sabuni ya kufulia. Muuza karanga wa pembeni akamtazama, akasema: mdhaniaye ndiye kumbe siye." Neno ni lile lile herufi kwa herufi, ila sasa lina mwenyewe, na mwenyewe yuko sokoni ameshika sabuni. Hakuna wa kulivaa barazani. Na mtacheka zaidi, kwa sababu mtaona ile sura ya kijana.

Hata hivyo kisa hakifuti kila kitu. Kabla ya kusema, zungusha macho kwa waliokaa, mmoja mmoja, ujiulize wiki hii nani anapitia nini. Mambo manne msiyaguse kabisa kama yuko aliyemo ndani yake: ndoa iliyo matatani, kutafuta mtoto, maradhi, na deni. Hilo la deni husahaulika sana. Neno la kuchekesha kuhusu mkopaji likitolewa mbele ya mtu anayedaiwa na mmoja wenu litatafsiriwa kuwa dai. Ukiwa na shaka, lisogeze wiki mbili. Neno zuri haliozi kwa wiki mbili, na kama litaoza basi halikuwa zuri.

Utani nao una ruhusa yake. Shabiki wa Coastal Union na shabiki wa African Sports hapa mjini wanarushiana maneno makali na hakuna anayeumia, kwa sababu kila mmoja ana ya kumrudishia mwenzake, na kesho mambo yanaweza kugeuka. Ndivyo ilivyo hata kwa watani wa kabila. Ruhusa ipo pale ambapo anayeambiwa anaweza kujibu kwa nguvu sawa mbele ya watu wale wale. Mwenzenu hakuweza kujibu. Angejibu nini? Angelazimika kwanza kuitaja ndoa yake.

Nije kwenye mabishano ya nani alisema nini. Mwalimu wenu ana haki ya kutilia shaka. Jina la mtu mkubwa huongeza uzito wa neno, kwa hiyo neno lisilo na baba hupewa baba mwenye sifa. Hilo liko dunia nzima, na lina dalili zake.

Dalili ya kwanza ni neno kukosa siku na mahali. Ile kauli kwamba wendawazimu ni kufanya jambo lile lile tena na tena ukitegemea matokeo mengine, inazunguka na picha ya mwanasayansi Albert Einstein. Einstein alifariki mwaka 1955. Hakuna maandishi yake wala hotuba yake yenye kauli hiyo, na inaonekana imechapwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maandishi ya watu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya. Ukiijua asili hiyo inakuwa na maana kubwa zaidi, kwa kuwa waliisema watu waliokuwa wanapambana na mazoea yao wenyewe.

Dalili ya pili ni neno moja kuwa na wenyewe wengi. Kauli kwamba uongo hufika mbali wakati ukweli bado unavaa viatu hupewa Mark Twain, mwandishi wa vichekesho wa Marekani, mara Churchill aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, mara mtu mwingine. Mzizi wake ni wa zamani kuliko wote hao: mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika kwamba uongo huruka na ukweli huja nyuma ukichechemea. Kichekesho cha bibi anayemwambia Churchill "ungekuwa mume wangu ningekutilia sumu kwenye kahawa", naye akajibu "ungekuwa mke wangu ningeinywa", kilikuwa kikichapwa magazetini tangu mwishoni mwa karne ya 19 bila jina la Churchill wala la bibi huyo. Kichekeeni, ila kisimulieni kama kichekesho cha magazeti.

Dalili ya tatu ni neno kuwa refu na lenye kunakshiwa kuliko mtu anavyosema. Hapa Mark Twain anatufaa kweli. Mwaka 1897 akiwa London, zilivuma habari kwamba yu mahututi, na wengine wakasema amekufa. Aliyekuwa mgonjwa ni binamu yake. Mwandishi wa gazeti alipomuulizia, Twain alijibu kwa maandishi, na jibu likatoka katika gazeti la New York tarehe 2 Juni mwaka huo. Watu humnukuu akisema habari za kifo chake zimetiwa chumvi "kupita kiasi". Alichoandika ni kifupi zaidi: taarifa ya kifo changu ilitiwa chumvi. Basi. Kile kipande cha "kupita kiasi" kiliongezwa baadaye, na kinaharibu, kwa sababu uzuri wa jibu ni ule utulivu wa mtu anayesahihisha kosa dogo la gazeti.

Dalili ya nne inatuhusu sisi hasa. Kauli ya "ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kufika mbali nendeni pamoja" inasambaa ikiitwa methali ya Kiafrika. Ukikuta methali imepewa bara zima na haikupewa kabila wala lugha, iandike bila asili. Methali zetu zina lugha zake, na Msambaa au Mdigo atakwambia ya kwao kwa maneno ya kwao.

Kwa Nyerere mna bahati, kwa sababu sauti yake imehifadhiwa. Novemba 1978, alipotangaza kwamba majeshi ya Idi Amin yatapigwa, alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu hupanga vipande hivyo vitatu kila mtu kwa mpangilio wake. Msibishane. Tafuteni kanda, sikilizeni, andikeni mlichosikia. Neno la Nyerere lisilo na kanda, hotuba wala maandishi, liandikwe "husemwa ni la Nyerere".

Shaaban Robert ni wa hapa hapa. Alizaliwa Vibambani, nje ya mji wa Tanga, mwaka 1909, akafariki 1962, na maandishi yake yamechapwa. Kwa hiyo anayeleta neno lake alete na jina la kitabu na ukurasa. Ukurasa hauna? Neno halina jina. Mpeni mwalimu wenu kazi hiyo, aende maktaba ya mkoa na orodha ya maneno kumi kwa mara moja, asiende na moja moja. Na nawasihi mlifanye kwa moyo: kumpa mtu wa Tanga maneno ya kuokota, wakati aliacha yake mazuri namna ile, ni kumnyima heshima akiwa hawezi kujitetea.

Neno la mji wenu wenyewe, "waja leo waondoka leo", mliache bila msemaji. Kila mtaa unalieleza kwa namna yake. Andikeni maelezo mawili matatu tofauti, kila moja na jina la mzee aliyewaeleza kama ameridhia. Huo utakuwa ukurasa wa kupendeza kuliko mkichagua moja mkasema ndiyo sahihi.

Majina ya kanga yana njia yake. Kanga huwa na pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina ndani ya kisanduku upande wa chini wa mji. Kipande kimoja ni karibu sentimita 150 kwa 110, na doti ni vipande viwili vyenye jina lile lile. Mkinakili jina, nakilini kama lilivyoandikwa, pamoja na makosa yake ya herufi, kisha mtazame ukingoni: kanga nyingi zina alama ya mtengenezaji, kama ile ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" ya Mombasa inayojulikana pwani nzima. Alama hiyo ndiyo msemaji wenu. Andikeni pia duka mliloionea na mwezi. Baada ya miaka kadhaa jina lile lile litarudi na pindo jingine, na mtaweza kuona.

Maandishi ya magari yaandikeni pamoja na njia ambayo gari hupita na mahali yalipoandikwa: basi la Lushoto, kioo cha nyuma, bajaji ya Raskazone, juu ya kioo cha mbele. Namba ya gari msiandike, maana haiongezi utamu na inaweza kumletea mwenye gari maneno. Stendi ya Kange ni shamba zuri asubuhi mabasi yakiwa yamepangana.

Daftari ni kaunta buku moja ya kurasa 192. Kila ukurasa uchorwe safu tano: neno, msemaji na aliyeambiwa, mahali na wakati, aliyeleta, alama. Alama ziwe tatu tu. Tiki ni kwamba mmoja wenu ameona au kusikia chanzo chenyewe. Duara ni kwamba mnamwamini aliyewaambia lakini hamjaona. Msalaba ni kwamba jina la msemaji limefutwa na neno linabaki. Mkianza kutumia alama hizo, mabishano yatapungua wiki ya kwanza tu, kwa kuwa mtu hatahitaji kushinda. Atakubali duara, aende akatafute.

Nyuma ya daftari wekeni faharasa kwa neno la kwanza. Msipange kwa mada. Neno moja lina mada nne na hamtakubaliana liende wapi, ila wote mnakumbuka linavyoanza. Kila herufi ipewe ukurasa mmoja, isipokuwa herufi M ipewe minne na A miwili, kwa sababu maneno yetu mengi huanza na mtu: mvumilivu, mchumia, mwenda, asiyesikia, aliye juu. Q na X hazihitaji ukurasa. Daftari likae nyumba moja, na mwisho wa mwezi kurasa mpya zipigwe picha. Daftari la kuzungushwa hupotea, au hurudi na ukurasa uliochanwa kuandikia hesabu ya dagaa.

Sasa kuchuja. Sababu kubwa ni wingi. Watu saba wakileta maneno matatu matatu ni ishirini na moja, na hakuna kifua kinachocheka mara ishirini na moja kwa jioni moja. Baada ya la kumi watu wanacheka kwa adabu. Kila mmoja alete moja, na moja la akiba kwa dharura ya kugongana. Neno na kisa chake visizidi dakika tatu, kisha mazungumzo yaende yanakokwenda. Aliyepata neno kali kuliko wote asianze. Aketi wa tano au wa sita, baraza likiwa limepata moto.

Sababu ya pili ni simu. WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi, yaani uliopita katika mikono mitano au zaidi tangu ulipoanza, na tangu 2020 ujumbe wa aina hiyo hauwezi kutumwa isipokuwa kwa mazungumzo mamoja kwa wakati. Kwenu mishale miwili iwe kizuizi: neno lenye mishale haliingii, kwa kuwa wote mmeshaliona au mtaliona kesho. Mwenye kulipenda sana alitafutie asili yake, alete hiyo asili. Na kwa usalama wenu, kauli zenye picha ya kiongozi aliye hai msizisambaze kabla ya kuziona kwenye chombo cha habari kinachojulikana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha watu au kukashifu. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Msemo wa kuchekesha haufai bei hiyo.

Lile la wenzako kumalizia neno, msilizuie, ligeuzeni mchezo. Methali zetu zina pande mbili, na tangu zamani mmoja husema upande wa kwanza na wengine hujibu wa pili. Mleta neno aseme nusu. Wakijibu wote kwa pamoja, limechuja, na yeye ndiye wa kumimina kahawa raundi hiyo. Wasipojibu, amalizie. Na hapo ndipo methali ya kupinduliwa inapopata nafasi yake, kwa sababu wanajibu nusu wanayoijua, naye anawapa isiyojulikana.

Kupindua kuna kanuni zake. Nusu ya kwanza iache nzima, usiiguse hata herufi, maana kicheko kinatoka kwa msikilizaji kujiamini kwamba anajua kinachokuja. Nusu ya pili iwe na mizani inayokaribiana na ya asili. Kitu unachokiingiza kiwe cha kushikika, cha mtaani kwenu, na kije mwisho kabisa wa sentensi. "Mgeni siku mbili, ya tatu muulize tiketi ya kurudi ni ya lini" inafanya kazi, kwa sababu jembe limetoka na tiketi imeingia, na kisu kiko kwenye "lini". "Mwenda pole hajikwai, ila mkate wa kumimina humkuta umekwisha" inafanya kazi pia. Lakini "mwenda pole hajikwai, ila atachelewa kupata maendeleo" haimchekeshi mtu. Maendeleo hayashikiki, na ni mawaidha yaliyovaa joho la utani. Ukipindua methali ikawa mawaidha mengine, iache ile ya zamani, inakushinda.

Kanuni hiyo ya mwisho wa sentensi inahusu hata maneno yaliyotoka lugha nyingine. Usifuate mpangilio wa huko yalikotoka. Tafuta neno linalochoma, lipeleke mwisho, mengine yajipange nyuma yake. Jibu la Twain kwa Kiswahili linakaa vizuri kwa sababu linamalizikia kwenye chumvi. Ukisema "ilitiwa chumvi, ile taarifa ya kifo changu", umeshalimwaga.

Kwenye kusema kwenyewe, asiyeweza kujizuia kucheka kabla ya kumaliza amwachie mwenzake aliseme. Kabla ya kipande cha mwisho nyamaza kwa pumzi moja. Likishatoka, usilirudie na usilieleze. Kama mmoja hakulipata, aliye jirani yake atamnong'oneza. Kulieleza mbele ya wote kunawanyima kicheko watano waliolipata na kunamwaibisha mmoja ambaye hakulipata. Anayependa sana kueleza, na kila baraza lina mmoja, mpeni kalamu na daftari. Ile hamu yake ni ya thamani kubwa kwenye safu ya msemaji na mahali.

Kijitabu chapeni, ila kisiwe cha kila kitu. Chagueni maneno 70 yenye tiki au duara, yenye kisa cha mistari miwili mitatu. Karatasi kumi za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 40 za A5, ukijumlisha jalada, na maneno mawili kila ukurasa yanakaa bila kubanana, na zinabaki kurasa tano za jalada na utangulizi. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo mtabaki na kurasa tupu. Msizidishe karatasi kumi na mbili, kwa kuwa kitabu kikikunjwa karatasi za ndani husukumwa nje na maandishi ya pembeni hukatwa. Mwambieni wa steshenari awabanie mkunjoni kwa stepla ndefu, ile ya kawaida haifiki.

Kila mwenye neno lake ndani, hata yule muuza karanga mkimpata, aulizwe kama anataka jina lake liwekwe, au liandikwe "muuza karanga, Mgandini". Kisa chochote kinachomgusa mmoja wenu kisomwe naye kwanza, akiwa peke yake, na akisema kitoke kitoke bila kuulizwa sababu. Toeni nakala saba tu kwanza, moja kwa kila mmoja pamoja na aliyeondoka, mzisome kwa kalamu nyekundu wiki nzima, ndipo mrudi steshenari.